Herufi ya Saba

Dukani kwa Afeku, njia ya kwenda soko kuu la Arua,
simu mpya imelala ndani ya kioo kama maiti ya tajiri,
imevishwa nailoni, haijaguswa.
Malipo ya kwanza ninayo, laki moja na nusu,
nimeyafunga kwenye pindo la leso,
nimeyahesabu mara nne tangu alfajiri.
Yaliyobaki nitalipa kila Jumatatu,
wiki arobaini,
kama mimba.

"Dakika tano tu, mama," akasema Afeku.

Nikaweka kidole.
Mashine ikawaza, ikawaza, ikakataa.
Nikaweka cha kati. Nikaweka gumba.
Nikakitemea mate, nikakisugua kwenye gomesi.
Patupu.
Miaka kumi na mmoja nagonga kokoto nyuma ya kilima,
mawe yamenilamba vidole
vikabaki laini kama mwiko wa zamani.
Nilidhani hiyo ndiyo alama.

"Basi uso."
Na uso, sheria inasema, upigwe kwa simu ya mkopaji mwenyewe.
Simu yangu! Hii hii iliyonileta hapa,
yenye mtoto wa jicho kwenye kamera
tangu ilipozama kwenye ndoo ya maharage!
Simama penye mwanga. Nikatoka juani.
Geuka kushoto. Nikageuka.
Geuka kulia. Nikageuka, nikakutana na mbuzi.
Kopesa macho.
Nikakopesa, nikakopesa tena,
wapita njia wakanihurumia wakidhani ni kifafa.
Ewe mashine, mimi nimekopesa mpaka machozi,
wewe utakopesha lini?

Uso haujatambulika. Jaribu tena.

Zikaja tarakimu sita, ziandikwe kabla dakika haijakatika.
Ya pili ilikuwa saba,
na saba yangu imekufa, iko kwenye pembe iliyopasuka.
Afeku akaibonyeza kwa kucha, kwa kalamu, kwa ufunguo wa kufuli.
Dakika ikakatika.

Halafu akanyamaza, akakuna shingo.
"Mama, kitambulisho cha taifa kinasema Asibazuyo.
Laini inasema Asibazoyo.
Majina hayaoani."
Kwani nani amekuja kuyaozesha?
Aliyenisajilia laini alikuwa kijana chini ya mwavuli
anatafuna muwa,
akaandika alichosikia kati ya pingili na pingili.
Herufi moja, Afeku.
"Ndiyo, mama. Ya saba."
Alikuwa ameihesabu, maskini. Si mtoto mbaya.

Mastula muuza unga hunitambua kwa kikohozi.
Nikikohoa mlangoni, daftari limeshafunguliwa,
na ndani yake sina jina lolote,
nimeandikwa *wa kokoto*, kilo tatu, kilo mbili,
na deni hilo halijawahi kunipotea
hata siku moja niliyotamani linipotee.

Nikarudi nyumbani kwa miguu.
Leso haijafunguliwa, fundo linanichoma ubavu.
Mteja wa lori mbili za mawe alipiga mchana kutwa,
simu ilikuwa imezima yenyewe,
akanunua kwa Onzima.

Saa tatu usiku ikawaka bila kuguswa.
*Ndugu Asibazoyo, hongera! Umekubaliwa mkopo.
Fika dukani na kitambulisho chenye jina hili.*

Nikasoma kwa kibatari, mstari kwa mstari.
Kwa hiyo yupo.
Mwenye o, aliyezaliwa chini ya mwavuli na maganda ya muwa,
asiye na kidole, asiye na uso, asiyegonga jiwe,
huyo ndiye wanayemwamini.

Nimemsogezea nafasi kitandani.
Halali. Nasikia anavyogeuka na simu yake mpya,
mwanga wake unanipiga mgongoni.
Nikipata ujasiri, kesho kabla ya kwenda kilimani
nitamwomba anikopeshe.